Nadhiri za Mnarani

Mto Torysa ulipovimba mwezi wa Mei
ukaingia kanisani bila kuchovya kidole kwenye maji ya baraka,
tulikimbilia mnarani, watu kumi,
na mtoto mmoja ambaye hatukumtia hesabuni.

Giza nene. Kengele imelowa.
Chini tulisikia mabenchi yakigongana kama ng'ombe zizini.
Kila mtu akafungua kinywa chake kwa Mungu.
Vavrinec mchinjaji aliahidi paa jipya la bati.
Mwalimu Zlatica, mishumaa arobaini, ya nta halisi.
Mjane Hudáková alimsamehe dada yake kwa sauti kubwa
ili sote tuwe mashahidi.
Mimi, mpiga kengele, niliapa kuacha gongo la plamu.

Gizela peke yake hakuahidi kitu.
Alikuwa wa ng'ambo ya reli, kwa Waroma,
kwenye vibanda ambako bomba halijafika
na siku hiyo maji yalifika bila bomba.
Miaka yote alisali amesimama nyuma, ubavuni mwa mlango,
maana mabenchi yetu yana vibao vya shaba,
na kila kibao kina jina la ukoo,
na ukoo wake haumo.
Usiku ule alimfunga mwanawe Elemír kiunoni kwa kamba ya kengele,
akawa anarudia neno moja tu, kwa lugha yao.
Sikulielewa. Nilidhani ni laana.

Alfajiri maji yalishuka.
Tukashuka nayo, tukatawanyika,
kila mmoja na mlango wake wa kusukuma, kuku wake wa kuhesabu.
Ahadi ni deni, ndiyo,
lakini mdai huyu hana karani, hatumi barua.

Jumatano nikasikia brashi ikikwaruza kanisani.
Nilipochungulia: Gizela, ndoo mbili, sketi imekunjwa,
anaparua tope kule mbele, mahali ambapo
hakuwahi kukanyaga hata siku ya ubatizo wake.
Na mimi,
acha niseme, maana kunyamaza nako ni uongo,
nilipitia kwanza sakristia
nikahesabu vinara. Sita.
Nikahesabu tena. Sita.
Kikombe cha fedha kipo.

Ndipo nikamwendea. Nani amekutuma?
"Mtu hutumwa kusema ahsante?"

Kibanda chake kilikuwa kimekwenda na mto,
jiko, godoro, picha pekee ya mama yake.
Nikauliza, sasa unashukuru nini?
Akanionyesha kwa kidevu:
Elemír kwenye ngazi ya mimbari, mdomo wazi,
anakoroma kama mzee aliyeshiba.

Na lile neno la mnarani?
"Ndilo hilohilo."
Lakini maji yalikuwa bado yanapanda!
"Yalikuwa hayajanifika kooni."

Nilimwambia apumzike, akae benchi la mbele kabisa,
la akina Hudák.
Aliligusa kwa kiganja. "Bado bichi," akasema,
akapindua ndoo, akaikalia.

Padri Bartolomej ametuhubiria miaka mingi
kwamba mlango wa wokovu ni mwembamba.
Tukadhani uko mbele, nyuma ya vinara.
Hatukugeuza shingo hata mara moja
kumtazama aliyesimama mlangoni.

Nilichukua brashi ya pili.
Magoti yangu, yenye miaka hamsini ya sala juu ya takia la sufu,
hayakuwa yamejua baridi ya sakafu ile.
Hatukuongea sana. Yeye alisugua kwa mviringo,
mimi kwa kwenda na kurudi, na njia yake ilikuwa bora.

Gongo la plamu bado liko kabatini, sitadanganya.
Paa linavuja palepale.
Wala Hudáková na dada yake hawajasalimiana.

Lakini jioni ile, chini ya altare,
tulipofika mwisho wa tope la mto
brashi ya Gizela haikusimama.
Ikaenda chini zaidi, ikala masizi, ikala nta,
ikala uchafu wa babu zetu,
hadi jiwe likatokea.
Lilikuwa jekundu.
Tangu utoto wangu nilijua ni jeusi.