Lango la Tano

Siku ya kumi na moja tangu mchezo ufunguliwe
tulikuwa tumeumaliza:
vijiji vinne, joka moja, migodi miwili ya shaba,
halafu lango la mawe lenye kibao:
NJIA HII INATENGENEZWA. TUVUMILIENI.
Tukasimama pale, Yerko na shoka lake, mimi na nyumbu wangu,
kama wageni waliowahi harusini
wakakuta ndiyo kwanza mchele unachambuliwa.

Alhamisi ya kwanza walituletea kofia.
Nyekundu, ina unyoya.
Alhamisi ya pili walirekebisha mlango uliokuwa ukimeza kondoo.
Ya tatu, waliomba radhi.
Ya nne, waliomba radhi kwa namna walivyoomba radhi.

Chama chetu kilikuwa na watu thelathini na wawili.
Wenye damu moto waliondoka kwa matusi,
wakidai pesa zao, wakiapa hawarudi hata kwa dawa.
Wengine walizimika kimya, kama taa za maduka, moja moja.
Ludmil wa Plovdiv aliniachia ngao yake na neno moja: basi.
Tukabaki tisa. Tukabaki wanne.
Usiku mwingi tukabaki wawili.

Mimi hukesha mapokezini, hosteli ya Bi Zdenka,
Punta Arenas, ambako ukipita hapo ni mlangobahari na baridi.
Watalii hulala saa nne. Tanuri hukohoa.
Upepo wa huku hauna adabu ya kubisha hodi;
siku ukichachamaa, mjini hufungwa kamba kando ya njia,
watu wazima wakavuka wameishikilia
kama watoto wa chekechea.

Wanasema subira huvuta heri.
Hawasemi kwa kamba ya urefu gani,
wala nani yuko upande wa pili, naye akivuta.

Nilimwuliza Yerko: wewe huna hasira?
Yeye huchomelea vyuma kwenye karakana ya meli,
mitaa kumi na mmoja kutoka kwangu,
na hatujawahi kuonana uso kwa uso.
Akaandika polepole, kwa vidole vyenye malengelenge:
"Nimewahi kuchomelea meli iliyokwisha kuingia majini, Ludovina.
Mwenye mali alitaka nauli kabla ya mlango.
Aliyeuza hasubiri. Anayesubiri ni aliyenunua,
na yule mwenye moto mkononi, kule chini,
maji yakimfikia magotini."

Tangu hapo namwona mtu mmoja, chumbani mahali fulani,
tambi zimepoa kando ya kibodi,
anachora lango letu jiwe kwa jiwe
huku bosi akimwuliza kila saa: lini?
Simpendi. Lakini namwona.

Wiki saba tulikaa mbele ya lango lile,
moto wa bandia katikati.
Nilijua kwamba mama yake humwita kwa jina la kaka aliyekufa,
naye huitika.
Alijua kwamba nimeacha masomo ya uuguzi mara mbili.
Hayo hayakuwemo katika mchezo tulioununua.

Leo, saa kumi alfajiri, sasisho limeingia.
Lango limefunguka bila kishindo.
Nyuma yake kuna theluji, mnara,
na ndege ambao bado hawajapewa majina.
Na tazama, wamerudi!
Walioapa, waliotukana, wananipita mbio,
hawana hata salamu;
kufikia Jumapili watakuwa wameumaliza tena.
Jina la Yerko ni la kijivu.
Jana aliandika tu: hospitali, mama.

Nimeketi. Nyumbu anatafuna majani yasiyopungua.
Unyoya wa kofia yangu unapepea; kumbe hata humu kuna upepo.
Mmoja amesimama, ameniuliza: mbona huingii?

Nimemwandikia: njia inatengenezwa.