Safu ya Mama

Halifax, Jumanne, rasharasha dirishani.
Nanakili cheti cha kale cha ndoa:
Hester Ogley, miaka kumi na tisa,
kalamu hakuijua, katia alama ya msalaba.
Baba: mfumaji. Baba mkwe: mchinjaji.
Mama?
Nimeigeuza karatasi. Hamna safu.

Nikacheka, kiburi kikanipanda:
kwetu mama hupewa mkaja,
thamani ya ile nguo iliyokaza tumbo lililozaa.

Kicheko kikanikwama.
Siku yangu mkaja ulihesabiwa,
na kilemba, noti kwa noti,
nami nyuma ya pazia naulizwa mara tatu,
kimya.
Shangazi akatoka: “Amekubali.”
Msalaba wa Hester, hata wino hauna.

Siku hizi fomu ina safu ya mama.
Jana Shufaa kaja na mchumba wake,
kainamia kaunta yangu, maji yakimchuruzika kofiani.
“Kazi ya mama?”
“Andika karani. Karani mkuu, bwana, usinipunje.”
Akaandika.
“Na wewe, mwanangu, umekubali?”

Nilimwuliza mara moja tu.
Alivyojibu, hata mlinzi wa mlangoni aligeuka.