Wamefika Wapi?

Tulianza Ijumaa saa moja jioni, umeme ukiwapo,
ingawa Baba husema umeme wa Ijumaa usiuamini.
Nikaweka seva mpya juu ya meza ya cherehani,
nyeusi, ndogo kuliko debe la unga,
vyumba vinne, na kila chumba
diski ya terabaiti nane inayonuka plastiki bado.
Ya zamani iko sakafuni na vumbi lake la Kadutu.
Feni inakohoa.
Diski ya tatu inagonga, ko, ko, ko,
kama mdeni mwenye haya mlangoni usiku.

Miaka thelathini ya Studio Mushagalusa, pale Nyawera:
maharusi, ubatizo, picha za paspoti,
wahitimu kumi na wanane na joho moja la kuazima,
maiti waliovalishwa suti kwa sababu familia ilitaka.
Negativu zote nilizipitisha skana mimi,
mvua mbili nzima, kidole kikinuka siki.

Nikachomeka kebo. Nikaandika amri.
Jina la kwanza likapita, la pili,
kisha ikawa mvua ya majina.

Baba haoni vizuri siku hizi. Anauliza kutoka kitandani,
"Wamefika wapi?"
Hasemi zimefika.
"Wako mwaka tisini na nane, Baba."
"Waambie waende polepole. Mwaka ule njia ilikuwa mbaya."

Asilimia sitini na moja, umeme ukaenda.
Kilima chote kikasema "eeeh!" kwa mdomo mmoja.
Inveta ikalia mara moja, ikabeba.
Nikapiga hesabu ya betri: saa mbili, labda na robo.
Nikaenda kuzima friji.
"Nyama yangu!" Mama akaamka.
"Chagua, Mama. Mbuzi, au harusi yako."
Akafikiri
muda mrefu kidogo kuliko Baba alivyopenda.
"Haya. Zima."

Alfajiri nikahesabu.
Huku mafaili laki mbili, elfu kumi na mbili, mia nne na sita.
Kule mia nne na tano.
Unajua uzito wa moja?
Nilimtafuta folda kwa folda, chai ikapoa, ikafanya ngozi,
hadi nikampata kwenye diski ile inayogonga:
Murhula, kaka yangu, mbele ya pazia la maporomoko ya maji,
wiki aliyoondoka kwenda Kamituga kwenye dhahabu.
Nikamvuta mara kumi na moja.
Akaja nusu. Kichwa, mabega, vifungo viwili vya shati,
kisha kijivu hadi chini.

Diski ikanyamaza. Haikugonga tena.

"Wamefika wote?"
"Wote. Murhula hana miguu."
Baba akageukia ukuta.
"Ndiyo maana harudi," akasema.
Baadaye, bila kugeuka: "Usimfute."

Nakala ya tatu haifai kulala nyumba moja na zile mbili.
Mama ameifunga kwenye kitenge, kisha mfuko, kisha mfuko tena,
ameizika katikati ya sambaza wakavu
wanaokwenda Goma kwa boti ya Jumatatu,
kwa shangazi Nankafu, ambaye ameambiwa tu
asiikaange.
Huku kilima hutelemka. Kule mlima huwaka.
Tunaomba visije vikaelewana siku moja.