Mwana Esha, Sukari

Nukta mbili chini ya kioo cheusi
zanisubiri niamue.
Nagonga kitufe kirefu: ukurasa wapanda.
Nagonga tena. Mistari elfu sita na ushei
ya daftari la marehemu Famau, duka la Langoni,
niliyoichapa mwenyewe miezi mitatu
kwa vidole viwili na mafua.

Unga, ratili mbili. Mafuta ya taa. Buni.
Deni la Bi Time. La Bwanaadi. La punda wa Bwanaadi.

Naweka mkwaju (wa alama, si wa achari),
naandika jina la mama: Mwanaisha.
Halipatikani.
Nafuta, naandika kama Famau alivyomwita:
Mwana Esha,
na papo hapo lang'aa, jeusi juu ya weupe:
sukari, shilingi kumi na moja, atalipa Ijumaa.

Ijumaa ipi?
Nashuka. Napanda. Nashuka hadi mwisho wa faili.
Hakuna aliyelipa humu. Mji mzima wadaiwa:
maiti, waliohamia Mombasa, imamu.

Ndipo nikakumbuka. Famau akilipwa
hakuandika neno. Alipitisha kalamu juu ya jina,
mstari mmoja, umepinda kidogo,
nami sikujua mstari ule huchapwaje,
nikauruka.

Na programu hii ni ya kutazama tu, haina wino.
Nagonga q, herufi ambayo Kiswahili hakina,
kioo charudi kitupu
kana kwamba sikusoma kitu.

Daftari lenyewe limo kabatini, na mchwa wake.
Tochi niliiweka wapi?