Ubao Mama

Umekufa Jumanne, katikati ya vita,
Vesa akiniita masikioni, "Orvokki, nifunike!"
nami kiooni nikabaki na uso wangu tu.
Nikafungua ubavu wa boksi. Harufu ya kuungua.
Kapasita tatu zimevimba vichwa
kama maandazi yaliyozidishiwa hamira.

Vingine vyote vizima. Ndiyo shida.
Kichakataji kizima, RAM nzima,
kadi ya picha niliyoilipia kwa zamu za usiku,
miezi minane ghalani, nayo nzima.
Nimevipanga juu ya gazeti kama watoto
wanaosubiri kuambiwa watalala wapi.

Huku Ufini nako ubao huu huitwa mama,
ila kwa neno la mama wa wanyama,
la dubu na la paka:
yule anayebeba wote kwa shingo, kimya.

Dukani, Oulu, kijana mwenye fulana nyeusi akatikisa kichwa.
"Soketi hiyo ilishakoma. Chukua mpya."
Mpya una taa za rangi saba, unang'aa kama harusi ya jirani.
Lakini haukitaki kichakataji changu,
na kichakataji kinachoutaka hakiitaki RAM yangu,
na feni nayo, alisema, ingehitaji miguu mingine.
Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya maziwa:
nimekuja kununua kifungo,
narudi na shati, suruali na fundi cherehani.
Nikashukuru, nikatoka.
Nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri;
pua iliganda kabla sijapata kukasirika.

Uliotumika, basi.
Siku tatu nakesha na matangazo.
Mmoja "hali safi kabisa", picha yake ukungu mtupu.
Mmoja pini zimelala
kama majani yaliyolaliwa na ng'ombe.
Mmoja mfupi, kadi yangu ingeuziba wote.
Na mmoja Kemi: "Unafanya kazi.
Tundu moja la USB limekufa. Sipunguzi bei."
Nikampenda mtu huyo kwa kulitaja tundu.

Kilomita mia na ushei, theluji ikitambaa barabarani kwa magoti.
Akanifungulia msichana wa miaka kumi na saba, Pihla,
lenzi ya kukuzia ikining'inia shingoni.
"Pawasaplai yako ya wati ngapi?
Utaukimbiza kupita kasi yake?
Kwenu kuna anayevuta sigara?"
Nimeposwa mara mbili maishani,
sijaona posa ngumu kama ile.
Nikajibu moja moja, kofia mkononi,
mwisho nikamwonyesha picha ya boksi langu,
nyaya zilivyofungwa.
Akazitazama nyaya, akazitazama tena.
"Sawa."
Euro sabini, na kweli hakupunguza hata senti.
Akautia kwenye mfuko wa fedha, kisha ndani ya soksi ya sufu.
"Soksi ni zawadi," akasema, akafunga mlango haraka.

Skrubu tisa ziliingia kikombeni, zilitoka nane.
Gundi ya joto, tone kama dengu.
Nikabonyeza.
Milio mitatu mirefu, kisha giza,
nami nikamtukana Pihla, na soksi yake, na Kemi nzima.
Kumbe RAM haijakaa. Nikaikandamiza kwa kidole gumba, ikasema ta!
na mama akafumbua jicho.

Saa yake ilisoma tarehe mosi Januari
ya mwaka ambao Pihla alikuwa bado anajifunza kugawanya.
Nikairekebisha. Nikashuka kwenye feni,
nikakuta mipangilio miwili aliyoisahau.
Wa kwanza: Vita.
Wa pili, feni zote zimepunguzwa hadi pumzi tu: Mama amelala.

Saa nane usiku. Vesa ananisubiri.
Chumba cha pili hakina mtu, mwaka wa nne sasa.
Nikachagua wa pili.