Sudusi

Thelathini na saba.
Nimejumlisha mara nne, ya mwisho kwa kalamu ya risasi,
nikianzia swali la nane kurudi la kwanza,
kama atafutaye sindano kwenye mkeka.
Kufaulu ni arobaini.
Hoza Semkiwa, jezi namba tisa, ualimu mwaka wa pili:
magoli kumi na mawili,
alama thelathini na saba.

Jumamosi ni fainali ya vyuo, pale Mkwakwani.
Bwana Mngodo, mkuu wetu, hakutuma mtu.
Alikuja mwenyewe, akaketi pembeni ya meza yangu,
akasifu pazia, akaulizia mguu wa mama,
kisha: "Alama tatu, Bi. Somoe. Kwani zinatoka mfukoni mwako?"
Hazitoki mfukoni mwangu.
Hilo ndilo lililonikosesha jibu.

Maana niliwahi kutoa.
Mwaka wa ile mvua iliyobomoa choo cha wavulana
alikuwapo winga wa kushoto, Shemhilu,
mpira ukimganda mguuni kama kupe.
Alipata thelathini na tano. Nikampa tano:
mbili za mwandiko, tatu kwa kuwa alinisalimia vizuri.
Kombe lile bado lipo ofisini, wanawekea funguo.

Goti lilimvunjikia Korogwe. Cheti hakikuvunjika.
Sasa anafundisha darasa la tano, Makorora,
na mwezi uliopita mpwa wangu alileta daftari:
nusu kujumlisha theluthi, mbili juu ya tano.
Pembeni, alama ya vema,
kubwa, nyekundu, yenye mkia,
kama krosi iliyokwenda nje.
Nililishika daftari lile mpaka chai ikapoa.
Wino ule ni wangu.

Basi nikaandika thelathini na saba,
nikabandika ubaoni kabla moyo haujageuka.
Jioni muuza mihogo alininyima kachumbari.
Mlinzi alinifungulia geti nusu.

Jumamosi nilikwenda. Nilikaa nyuma ya benchi,
si kwa ushujaa; kwingine wangenizomea.
Hoza alivaa fulana ya nyumbani,
kisu mkononi, miguuni gunia la machungwa ya Muheza.
Tulikuwa tumefungwa moja.
Mara mbili mpira ulikatiza mbele ya goli lao,
na mara zote mbili bega lake liliruka
kabla mguu wa mwenzake haujafika.
Lile goli lilikuwa lake. Nakiri.

Mapumziko, akakata machungwa.
Likabaki moja,
na mimi, mdomo wangu haunisikii, nikauliza:
"Beki apate nusu, kipa theluthi. Inabaki nini?"
Hakunitazama. Kisu kilisimama juu ya ganda.
"Sudusi," akasema,
akaikata, akanipa mimi.

Ilikuwa kali hadi masikioni.
Nikaila yote, na mbegu zake.