Pindo

Karatasi ile niliipata Arafa akiwa na miaka miwili,
mwana wa kubebwa, wa kulala na titi mdomoni.
Elfu sita kwa mwezi, ikaandikwa,
na muhuri juu yake.
Nikaikunja mara nne, nikaitia katika kopo la vifungo,
nikarudi kwenye cherehani.

Mimi ni fundi wa nguo, Majengo, nyuma ya duka la mkaa.
Najua kitambaa hakikui.
Ndiyo maana sketi ya shule huachiwa pindo,
inchi tatu za akiba zimelala ndani, gizani,
na kila Januari unafumua, unashusha, unapiga pasi.
Kadhi wa siku ile hakuacha pindo.
Amri aliikata ikamkaa mtoto barabara,
na mtoto hakumaliza hata mwaka ndani yake.

Sasa ana miaka kumi na mmoja.
Kiatu nambari tano. Anakula kama hamali.
Daktari wa macho kasema miwani,
mwalimu kasema vitabu vya Gredi ya Sita,
na unga, na mafuta, na nauli ya Tudor,
wala hakuna aliyeuliza
kama elfu sita bado ni elfu sita.

Nikakusanya risiti mwaka mzima,
nikazipiga uzi ukingoni zikawa kitabu,
nikaenda kuomba masrufu yaongezwe.

Karani, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni,
akapekua jalada, akanitazama:
"Mama, mwenzio alikuja juma lililopita.
Naye ameomba. Ameomba yapunguzwe."

Basi tukaketi benchi moja, kesi moja yenye vichwa viwili.
Kati yetu mkoba wangu.
Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri,
makali, ya kusimama yenyewe.

Ndipo nikaliona shati.
La kijivu, mikono mirefu, nililolishona mimi
mwaka wa kwanza wa ndoa, shingo inchi kumi na sita.
Shingo yake hailijazi tena. Kola inamzunguka
kama bangili ya mtu mzima mkononi mwa mtoto.
Sikuhitaji utepe: kumi na nne na nusu.
Mtu hudanganya. Kola haijui kudanganya.

Kadhi akamwuliza, Twalib akajibu kwa sauti ya chini:
yadi ya Changamwe imefungwa tangu Shaabani,
sasa ni kibarua cha siku, na siku nyingine hakuna siku.
"Simkatai mwanangu. Mfuko ndio unaokataa."
Kadhi akanigeukia. Nina la kusema?

Nilikuwa nalo. Nilikuwa na risiti mia moja na kumi.
Nikasema: Amepungua kweli, namwona.
Lakini aliyepungua ni yeye.
Mtu akikonda, shati lake hutiwa mshono ubavuni,
hatulipunguzi la mwanawe.

Twalib akacheka kidogo, puani, kama zamani
nilipokuwa nikimchoma pini wakati wa kumpima.
Nilichukia kwamba nimekumbuka.

Kadhi aliandika muda mrefu, feni ikimpeperushia karatasi.
Elfu sita zibaki.
Miwani nusu kwa nusu, kabla mwezi haujaandama.
Vitabu, baba akipata kazi.
Na baada ya miezi sita turudi, tupimwe tena.
Hakusema "tupimwe". Alisema neno la kisheria, refu.
Mimi ndivyo nilivyolisikia.

Langoni akanipa mia mbili, noti imekunjwa kama hirizi.
"Ya daftari."
Nikaipokea. Sikusema ahsante.
Wala la kola sikulisema.

Usiku Arafa akanivulia sketi, nikafumua pindo la mwisho.
Kilichokuwa kimefichwa kikatoka na buluu yake ya dukani
chini ya buluu iliyochujuka kwa jua na sabuni,
mpaka wake umenyooka kama umepigwa rula.
"Mama, watu wataona."
Waone, nikamwambia. Hapo ndipo ulipokuwa umefika.
Nikaukata uzi kwa meno.